Ukiweka rivasi, wengine wote wapite kwanza

Wadau habari za wikiendi. Leo nataka niongelee rivasi, maana kila kukicha unakuta ugomvi barabarani, mtu katoka paking kinyumenyume kamgonga aliyekuwa anapita zake, afu anashuka na hasira eti we hukuona taa nyeupe? Jamani, ile taa na hazadi zinawaambia tu watu kwamba unarudi, hazikupi njia. Ukishaingiza rivasi kila mtu ana haki kukuzidi, gari inayokuja, boda, bajaji, mwenye mkokoteni, mama aliyejitwika beseni, wote wapite kwanza we ndo wa mwisho, na kama hawaishi kupita basi unasubiri.

Nenda Kariakoo utaelewa nachosema. Magari yameingia kwa pua mbele ya maduka, mtu akitaka kutoka anarudi moja kwa moja kwenye msongamano, kushoto kuna Noah kulia kuna Fuso linashusha mzigo, yani haoni kitu mpaka nyuma ya gari iwe ishatokeza barabarani, na boda anayekuja naye hakuoni. Ndo maana mi nasisitiza ingia paking kwa rivasi. Unapoingia unarudi sehemu ambayo umetoka kuipita na umeiona, na wakati wa kutoka unatoka macho yako yakiwa mbele. Wa nyuma yako atapiga honi, mwache apige.

Na kuna kitu wengi hawakiangalii kabisa, ukikata usukani kushoto huku unarudi, pua ya gari inafagia kulia. Macho yote yako nyuma, kumbe mbele unakwangua gari ya jirani au unambana mtu ukutani. Rudi polepole, nyuma tazama, saiti mira zote mbili tazama, afu na mbele.

Ila kinachoniuma zaidi ni watoto, tena hapa nyumbani kwetu ndani ya geti. Mtoto wa miaka miwili akichuchumaa nyuma ya bampa la Prado hakuna kioo kitakachomwonyesha, na anasikia gari inawaka anakimbilia hukohuko anataka kuaga. Marekani mwaka 2002 mtoto wa miaka 2, Cameron Gulbransen, alifariki hivyo, aliyekuwa anarudisha gari ni baba yake mzazi, na ni daktari wa watoto, so usiseme haya yanawapata wazembe tu. Wazazi wa aina yake walipambana mpaka ikapitishwa sheria yenye jina la huyo mtoto, ilisainiwa 2008, na kuanzia Mei 2018 gari ndogo zote mpya zinazouzwa kule lazima ziwe na kamera ya nyuma.

Kamera inasaidia sana, sibishi, lakini kwa barabara zetu za vumbi na tope ikipita siku mbili haijafutwa unaona ukungu tu, na hata ikiwa safi haikuonyeshi anayekuja kasi kutoka pembeni. Kwahiyo zunguka gari kwanza kabla hujapanda, angalia na uvunguni, na mtu mzima amshike mtoto mkono mpaka gari itoke getini. Kusema tu "watoto wako ndani" haitoshi, wanatoka bila wewe kujua.

Kwa wenye kirikuu na Fuso, utingo anayesema njoo njoo njoo asisimame nyuma ya gari, asimame pembeni upande wa dereva pale unapomuona kwenye kioo, na mkubaliane mapema kwamba akinyoosha mkono juu unakanyaga breki hapohapo. Akipotea kwenye kioo, hata kwa sekunde, simama usirudi hata kidogo mpaka umuone tena. Na yule kijana wa mtaani anayekuelekeza ili umpe jero, mshukuru, mpe jero yake, ila ukigonga mwenye kesi ni wewe uliyeshika usukani.