Mama alisema malaria, kumbe enaji

Likizo ya kwanza ya form five nimefika nyumbani Jumamosi, Jumapili mchana kichwa kikaanza. Kinagonga nyuma ya macho, mwili mzito, kila anayeniongelesha ananikera. Mama akasema malaria hiyo, twende. Zahanati wakanitoboa kidole, hamna kitu. Tukarudi akanipa Panadol Extra mbili, baada ya muda nikawa mzima kabisa nacheka na watu. Jumatatu kikarudi vilevile.

Sasa ngoja niwarudishe shule. Sisi PCM (fizikia, kemia na hesabu) tulikuwa tunapiga msuli mpaka saa nane usiku, na saa nane huifikii kwa ugali maharage peke yake. Kwa hiyo kulikuwa na enaji, vile vinywaji vya kuongeza nguvu, za chupa za plastiki, kantini hawauzi ila zilikuwa zinaingia tu (mlinzi anajua, niishie hapo). Hela ikikata unachukua kahawa ya unga ya paketi, unachanganya na sukari kiganjani unalamba kavu kavu. Nilianza na chupa moja tunagawana wawili. Kufika Oktoba nakunywa mbili usiku peke yangu, asubuhi nalamba tena nisisinzie kipindi cha fizikia, na bado nasinzia! Yaani ilifika hatua nakunywa ili tu niwe sawa na wenzangu ambao hawanywi kabisa.

Aliyenishtua ni binamu yangu anayesoma famasia. Kashika boksi la dawa, kalisoma, kaanza kucheka. Ile Extra bana kila kidonge kina miligramu 65 za kafeini, kile kitu cha kwenye kahawa na enaji kinachofukuza usingizi, mbili ni 130, wakati kopo dogo la Red Bull lina 80. Mama wa watu alikuwa ananipa enaji bila kujua, ndo maana nilikuwa napona.

Akanielezea kwamba ukiwa macho muda mrefu ubongo unajaza kitu kinaitwa adenosini, ndo kinachokwambia kalale. Kafeini inakuja inakalia viti vyake, ubongo nao ukizoea hivyo unaongeza viti, siku ukiacha ghafla adenosini inakuta viti kibao viko wazi, mishipa ya kichwani inatanuka, hapo sasa. Kichwa kinaanza kuuma ndani ya siku moja hivi na kinaweza kwenda hadi siku tisa. Halafu masaa kama matano baada ya kunywa, nusu yake bado iko kwenye damu, kwa hiyo ile chupa ya saa sita usiku nilikuwa naamka nayo kengele ya saa kumi na moja. Na mi nilikuwa na kilo 48, wakati Ulaya wameshauri tangu 2015 kijana asizidishe miligramu 3 kwa kila kilo yake kwa siku. Piga hesabu mwenyewe.

Nilipunguza kidogo kidogo, nusu chupa nusu chupa, wiki tatu za kununa.

Juzi mdogo wangu karudi likizo, yuko form three. Jumapili mchana kajilaza kwenye kochi kashika kichwa, mama keshaenda kutafuta dawa. Nikamsogelea nikamuuliza taratibu, dogo, unakunywa ngapi?

"Moja tu," akasema haniangalii. "Tena tunagawana."