Daftari langu la saini, Kongowea

Tangu asubuhi niko soko la Kongowea, Mombasa, na daftari mkononi, nakusanya saini. Tunataka mdahalo wa wagombea urais wa Kenya ubadilishwe kabla ya uchaguzi wa 2027. Mama mmoja muuza nazi alifuta mikono kwa leso, akaniuliza, "Mwanangu, utakuwa kwa Kiswahili?" Nilikosa la kumjibu. Mwaka 2013, mdahalo wetu wa kwanza, nilikaa na nyanya mbele ya runinga nikimtafsiria Kiingereza kile, na nusu ya majibu ikanipita. Jamani, Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi!

Halafu viti vitupu. 2017 Uhuru Kenyatta hakuja, Raila Odinga akajibu peke yake. 2022 Raila hakuja, William Ruto akasimama peke yake dakika 90. Na wagombea waliokuwa chini ya asilimia 5 kwenye kura za maoni wakatengewa kipindi chao cha mapema. Hilo linaniuma zaidi, maana mpiga kura anachaguliwa wa kusikiliza.

Yule mama alitia saini, kisha akawaita wenzake wawili wauza mchicha. Kesho niko Likoni, karibu na feri. Njooni.