Vaa kiatu, mama

Saa tano usiku. Wamelala wote, na mimi kwa mawazo bado nipo kwenye lile benchi la Jumatatu, nje ya chumba cha utrasaundi, nimeshika bahasha ya kahawia.

"Umesikia mama? Daktari kasema huna kitu," nikamwambia.

Kitinda mimba wangu alikuwa anavaa viatu. Akaacha.

"Kwa hiyo mimi muongo?"

"Nani kasema wewe muongo?"

"Wewe. Umesema sina kitu. Na mimi nina kitu."

Nikamwambia avae kiatu, daladala litajaa.

Basi. Hayo ndiyo maneno yangu kwa mtoto wa miaka tisa ambaye tangu lile tumbo la kuhara la Aprili anajikunja asubuhi, mkono kwenye kitovu, jasho jembamba juu ya mdomo. Mnajua tulikopita: dawa ya minyoo mara mbili, dawa za taifodi ambayo sasa sina hakika kama alikuwa nayo, mkojo, choo, damu. Mama mkwe anasema anadeka. Baba yao hasemi, anapandisha tu sauti ya redio. Wiki hii nimemuoza mdogo wangu na kazini wamenihamishia kaunta ya mikopo, lakini nikifumba macho naona kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Ningeweza kusema, nakuamini. Ni neno moja tu, hata daladala lisingeondoka.

Alhamisi tukaenda kwa daktari wa watoto, mama mmoja mtu mzima. Hakuanza na mimi, alianza na yeye. Akamuuliza kama maumivu humwamsha usiku, kama ameona damu chooni, kama anatapika kijani. Mimi akaniuliza kama amekonda, kama ana homa zisizoisha, kama amesimama kukua. Yote hapana. Kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika nyuma ya kitabu cha kliniki: "Tumbo linakuuma kweli. Na nalijua jina lake."

Ni tatizo la mawasiliano kati ya utumbo na ubongo. Utumbo una neva zake kwa mamilioni, na haziachi kuzungumza na kichwa. Akiwa na hofu, utumbo unajua. Utumbo ukijaa gesi kidogo, ubongo unapokea kama kisu. Vigezo wanavyotumia madaktari kulitambua, vilivyotolewa upya 2016, vinasema maumivu walau mara nne kwa mwezi kwa miezi miwili, na uchunguzi usioonyesha ugonjwa mwingine. Mtoto akauliza kwa nini lake. Daktari akamwambia: "Mwezi wa nne mwizi aliingia kwenu, mbwa akabweka. Mwizi kaondoka, ila mbwa kapata hofu, sasa anabwekea hata paka." Kitinda akacheka, mara ya kwanza wiki nzima, akasema mbwa wa jirani yetu ndivyo alivyo.

Nikakumbuka kwamba sisi tunalijua hili siku zote. Si tunasema nina tumbo joto? Upimaji wa darasa la nne unakaribia, na mimi kila asubuhi namkumbusha.

Hakutuandikia dawa mpya. Aende shule hata likiuma, kwa sababu akibaki nyumbani shule inazidi kutisha. Avute pumzi tumboni, taratibu, mkono juu ya kitovu, kila usiku hata asipoumwa. Likiendelea, kuna tiba ya mazungumzo ya kumfundisha namna ya kufikiri juu ya maumivu. Lililonichoma ni la mwisho: niache kuuliza "tumbo vipi?" kila saa. Alinisimulia utafiti wa Marekani, wa 2006: watoto walinyweshwa maji mpaka wakashiba kupita kiasi. Ambao wazazi wao waliwashughulikia kuhusu tumbo, malalamiko yalikaribia kuwa maradufu. Waliopigishwa stori nyingine, yakapungua kwa nusu. Na wazazi wenyewe waliamini kumpigisha mtoto stori ndiko kutamdhuru. Mimi kabisa.

Ila kuacha kuuliza si kumwambia hana kitu. Hapo ndipo nilipokuwa nimechanganya.

Leo jioni nilimwita jikoni. Nikamwambia, Jumatatu nilikosea, wewe si muongo. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Najua, mama. Daktari kaniambia." Kaambiwa na daktari. Kisha akaanza hadithi ndefu ya mbuzi aliyeingia darasani, na mimi nikaisikiliza mpaka mwisho, sikuuliza chochote.

Mnazi wa nyuma ya jiko umeinama tangu mvua ya juzi, upande wa bati la jirani. Mkwezi kachukua hela yangu Jumanne na simu hapokei. Upepo umeanza tena sasa hivi.