Notorious sio famous, na mengine ya kwenye daftari langu

Leo nimefungua lile daftari langu la maneno magumu ya Kiingereza nikakutana na notorious limepigiwa mstari mara tatu kwa kalamu nyekundu, nikacheka peke yangu. Zamani kidogo niliombwa kuandika barua ya kumpigia debe mwenzangu wa kazini aliyekuwa anaomba nafasi sehemu nyingine, na mimi kwa kutaka kuonekana msomi nikaona famous ni neno la watoto, nikapekua kamusi nikapata notorious, mtu anayejulikana sana, basi nikaandika kwamba jamaa ni notorious kwa uchapakazi wake. Bahati nzuri aliisoma kabla haijaenda, akaniuliza, "Ndugu yangu, kwani nimekukosea nini?"

Kumbe neno lenyewe ni la mtu anayejulikana kwa ubaya, yaani mwizi sugu na wenzake. Na kamusi ilikuwa imesema! Ila ilisema kwenye mabano, na mimi mabano nilikuwa siyasomi. Baadaye nikaja kujua asili yake ni Kilatini, notus, yaani kilichojulikana tu basi, halina kosa lolote, ubaya limeuokota njiani kwa kutembea na wahalifu.

Sasa envy na jealousy ndo zilinitesa kuliko zote. Ukifungua envy kwenye kamusi ndogo unaambiwa jealousy, ukienda jealousy unaambiwa envy, unazungushwa kama mtu aliyetumwa dirisha namba tatu halafu akifika anaambiwa rudi namba moja. Kilichonitoa hapo ni Kiswahili chenyewe, maana sisi tuna wivu na tuna husuda. Wivu wa mapenzi ni wa kitu ambacho tayari unacho na unaogopa kuporwa, hiyo jealousy, ila husuda ni jicho lako kwenye cha mwenzako, hiyo ndo envy. Haziendi sawa kabisa, kwa sababu mtu akinunua gari tunasema tunamwonea wivu, hatusemi husuda labda tuwe tumekasirika, lakini na Waingereza nao mitaani wanasema jealous kwa vyote viwili, kwa hiyo tumelingana.

Nikaendelea na mchezo huohuo kwa aibu. Embarrassed ni pale umeteleza mbele za watu, ashamed ni pale umekosea na roho inakusuta hata kama hakuna aliyeona, halafu humiliated ni fedheha, hapo lazima kuna mtu kakufedhehesha. Kamusi ilinipa aibu kwa zote tatu, asante sana.

Kitu kingine nilichochelewa kukijua ni kwa nini Kiingereza kina marundo ya maneno yanayofanana hivi. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoivamia Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao, wasomi wakaongezea Kilatini juu yake, na maneno ya zamani hayakufukuzwa yote. Ndo maana una ask la wenyeji, question la Kifaransa na interrogate la Kilatini. Ask ni jirani anakuuliza saa ngapi, interrogate uko kituoni na mkanda umevuliwa. Nilipoliona hilo nikajiuliza mbona na sisi tuko hivyohivyo, uliza ni la Kibantu, hoji na saili yametoka Kiarabu, na hakuna mtu anasema amemsaili mtoto kama ameshakula.

Halafu kuna hili la namba. Nilikuwa nachukua maana namba moja nakimbia nayo, nikidhani ndo kuu, kumbe kamusi hazipangi sawa, Merriam-Webster, ile kamusi ya Wamarekani, wanaanza na maana iliyotangulia kwa historia, wakati kamusi nyingi za wanaojifunza lugha zinaanza na ile inayotumika zaidi. Miaka yote hiyo nilikuwa nabeba maana za mababu!

Siku hizi neno likinigomea naacha maana nasoma mifano, naangalia linakaa na nani.

Usiku huu nimekwama kwenye wistful. Sio sad, sio nostalgic, ambalo nalo limetokana na nostalgia, neno lililoanza mwaka 1688 kama jina la ugonjwa, mwanafunzi mmoja wa udaktari huko Uswisi aliliunda kwa ajili ya watu waliokuwa wanaumwa kwa kukumbuka kwao. Nimejaribu huzuni ni nzito mno, majonzi ni msiba, hamu haina uchungu. Nimeandika "hamu yenye huzuni kidogo" kwa penseli, tena kwenye mabano.