Zanzibar na Marekani: konseli alitangulia, balozi akaja baadaye

Wengi wetu tulioko Marekani tukitaja ubalozi, tunaanza kuhesabu na uhuru wa Tanganyika wa 1961. Kwa upande wa Zanzibar, hesabu hiyo inaruka zaidi ya miaka 120.

Mkataba wa kwanza ulitiwa saini Muscat, tarehe 21 Septemba 1833, kati ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire aliyetumwa na serikali yake. Soma masharti yake uone walikuwa wanatafuta nini. Meli ya Kimarekani ilipe ushuru usiozidi asilimia 5 ya shehena iliyoshushwa, na hapo ndipo mwisho: hakuna ada ya nanga, ya rubani wala ya leseni. Mali iliyokosa mnunuzi ikirudishwa melini, haitozwi kitu. Bunduki, baruti na risasi zisiuzwe kisiwani Zanzibar ila kwa serikali ya Sultani. Meli ikivunjika, mabaharia watakaonusurika watunzwe kwa gharama ya Sultani.

Ibara ya 9 ndiyo inayotuhusu zaidi. Ilimpa Rais wa Marekani haki ya kuweka konseli, yaani balozi mdogo, kwenye bandari kuu za biashara. Huyo ndiye aliyeamua kesi za Wamarekani wao kwa wao, na ndiye aliyepokea mali ya Mmarekani aliyefia huko, madeni ya wenyeji yalipwe kwanza, kisha warithi wapate kilichobaki. Hakuruhusiwa kukamatwa. Akikosea, Sultani angemlalamikia Rais, naye angemwondoa mara moja. Kanuni ya leo ya kumtangaza mwanadiplomasia kuwa hatakiwi nchini ina sura ileile.

Konseli wa kwanza, Richard Waters wa Salem, Massachusetts, alifika Zanzibar Machi 1837. Kasoro ilikuwemo tangu mwanzo: makonseli wengi wa Marekani wakati ule hawakulipwa mshahara, waliishi kwa ada za ofisi na biashara zao. Waters akawa mwakilishi wa wafanyabiashara wote wa Kimarekani na papo hapo mshindani wao. Malalamiko hayakukosekana, wala hayakuwa ya kushangaza. Pembe za ndovu na sandarusi (utomvu mgumu wa kutengenezea vanishi) zilitoka, nguo za pamba ambazo hazijapaushwa ziliingia kwa wingi hadi kitambaa chenyewe kikaitwa merikani. Ukipita Connecticut utakuta kijiji kinachoitwa Ivoryton. Pembe zilichongwa huko kuwa vibonye vya piano.

Zanzibar nayo ilituma mtu. Tarehe 30 Aprili 1840 meli Sultanah ilitia nanga New York, ikiwa na mjumbe Ahmad bin Naaman. Alileta farasi wawili wa Kiarabu, lulu, zulia na upanga kwa Rais Martin Van Buren. Hapo pakatokea tatizo la kisheria: Katiba ya Marekani inamkataza kiongozi kupokea zawadi ya mtawala wa kigeni bila idhini ya Bunge. Bunge likaamua zipokelewe kwa niaba ya taifa, na farasi wakauzwa. Meli ilikarabatiwa Brooklyn bila malipo, ikaondoka Agosti.

Siku hizi njia ya kumweka balozi ni ndefu zaidi, chini ya Mkataba wa Vienna wa 1961 wa uhusiano wa kidiplomasia. Nchi inayotuma inapeleka jina kimyakimya na kuomba ridhaa. Wenyeji wakikataa hawadaiwi sababu, na ndiyo maana jina halitangazwi mapema. Balozi mteule akifika, anakabidhi nakala ya hati za utambulisho wizara ya mambo ya nje, kisha hati yenyewe kwa mkuu wa nchi. Kosa moja linarudiwa sana mitaani: eti jengo la ubalozi ni ardhi ya nchi yake. Si kweli. Polisi hawaingii bila ruhusa, lakini ardhi inabaki ya mwenyeji.

Kazi za konseli zina mkataba wake, wa 1963, na humo utaikuta ile ibara ya 9 ya zamani: mali za marehemu bado zimo. Ibara ya 36 inafaa kukaririwa: ukikamatwa, una haki ya kutaka konseli wako aarifiwe bila kukawia. Lazima uombe mwenyewe, kwa sababu askari anatakiwa kukueleza haki hiyo na mara nyingine hafanyi hivyo.

Januari 1965 Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, mmoja wao Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar na baadaye akawa Waziri wa Ulinzi wa nchi yake. Uhusiano ulitikisika, haukuvunjika. Na hata ungevunjika, mkataba wa 1963 unasema wazi kuwa kukatika kwa uhusiano wa kidiplomasia hakufuti moja kwa moja uhusiano wa kikonseli: dirisha la pasipoti linaweza kubaki wazi wakati kiti cha balozi ni kitupu.