Kompyuta mbili, wasimamizi wawili wa mtandao

Kompyuta zangu zote mbili zinatumia Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, lakini mtandao wa kila moja unasimamiwa na programu tofauti, na sina mpango wa kuzifananisha.

Ya kwanza ni kompyuta mpakato, ambayo asubuhi hutumia Wi-Fi ya nyumbani, mchana intaneti ya simu, na umeme ukikatika huchomekwa modemu ya laini. Hiyo nimeiachia NetworkManager, iliyoanzishwa na Red Hat mwaka 2004 kwa ajili ya mashine zinazohamahama namna hii. Hukumbuka nywila ya kila mtandao, hushirikiana na ModemManager kuiendesha modemu, na nikipenda kuandika amri kuliko kubofya, amri yake ya nmcli ipo. Ninachokithamini zaidi ni kwamba muunganisho unaweza kuwekewa alama kuwa data yake hulipiwa kwa kipimo, na GNOME, mazingira ya skrini ninayotumia, ikaiona alama hiyo na kuacha kujipakulia masasisho. Anayenunua bando hahitaji kuelezwa zaidi.

Ya pili ni ya mezani, kuukuu, haina skrini, inatunza mafaili ya familia, na waya wake haujawahi kuhama kwenye ruta. Humo natumia systemd-networkd: faili moja fupi ndani ya /etc/systemd/network inataja kadi ya mtandao, anwani yake na lango la kutokea (yaani ruta), basi. Wi-Fi yenye nywila haiiwezi bila kusaidiwa na programu nyingine kama iwd au wpa_supplicant, lakini hapa hilo halinihusu.

Kabla yake nilitumia ifupdown, zana ya zamani ya Debian ya kuwasha mtandao, ambayo haikuwa na ubaya wowote. Ubaya niliuleta mwenyewe kwa kuhama bila kufuta kadi ile katika /etc/network/interfaces, faili la mipangilio la ifupdown. NetworkManager ya Debian huwa na adabu ya kujiepusha na kadi iliyotajwa humo, ilhali networkd faili hilo hailisomi kabisa. Kadi moja ikawa na anwani mbili, moja niliyoiandika na nyingine ambayo ifupdown iliiomba kwa ruta, nami nikapoteza jioni nzima nikibadilisha waya na kuishuku ruta, hadi nilipoandika amri ya ip address nikaziona zote mbili zimepangana. Niliweka alama ya reli (#) mbele ya mistari miwili ya zamani, nikaiwasha mashine upya, ikabaki anwani moja.