Kompyuta iliyokuwa ikiganda kila ninaponakili video: jinsi nilivyotatua

Hapa Mwanga, Kigoma, nahariri video za harusi kwa kompyuta ya Linux yenye RAM (memori ya muda) ya GB 16. Nikimnakilia mteja kwenye flashi, mstari unaoonyesha hatua ya kunakili ulikimbia hadi 99% ndani ya sekunde chache, kisha kila kitu kinaganda. Kipanya hakisogei. Mteja amesimama mlangoni, gari la Kasulu linamsubiri.

Nilibadilisha flashi tatu bure. Kosa halikuwa kwenye flashi.

Kerneli, yaani kiini cha Linux, haiandiki faili moja kwa moja. Huziweka kwanza kwenye RAM, ndiyo maana mstari unakimbia. Kwa kawaida huanza kuzishusha kwenye flashi zikifika 10% ya memori iliyo wazi, na zikifika 20% huzizuia programu zinazoandika mpaka mzigo upungue. Kwangu hiyo 20% ni karibu GB 3. Flashi yangu inaandika MB 10 kwa sekunde: dakika tano za kusubiri!

Nikafungua faili la mipangilio, /etc/sysctl.conf, nikaongeza:

vm.dirty_background_bytes = 67108864
vm.dirty_bytes = 268435456

Yaani ianze kushusha kwenye MB 64, na izuie kwenye MB 256. Kisha `sudo sysctl -p` ili mipangilio ianze kutumika. Ukiweka hizi, zile asilimia zinajizima zenyewe.

Flashi haijaongezeka kasi, lakini sasa mstari unasema kweli na naendelea kuhariri huku ikinakili. Kabla ya kuichomoa bado naandika `sync`, amri ya kushusha kilichobaki kwenye RAM, nangoja imalize. Umeme ukikatika, kilichobaki kwenye RAM kimepotea, na harusi ya mtu hairudiwi.